Mawe Tuliyoyaondoa Njiani

Septemba 8, Jumapili

Bismillahi. Mwalimu wetu wa darasa la akina mama pale msikitini anasema aliyejifunza kusoma ukubwani asipoandika, herufi humtoroka kama kuku wasiofungiwa banda. Basi nimekaa kufungia kuku wangu. Naanza na leo kwa sababu leo kuna jambo.

Yule Jawad wa Marrakesh, anayepitisha wageni milimani kwa baiskeli, amerudi. Amekunywa chai kwetu mpaka birika likakauka, kisha akatandaza ramani yake juu ya mkeka. Kampuni yake inataka njia moja ya kudumu: itokee malisho ya juu, ivuke Tizi, ile shingo ya mlima, halafu iteremke mpaka sokoni. Zinashindana njia mbili. Moja ni yetu, njia ya nyumbu wa mizigo inayopita hapa Tamadut. Nyingine ni ya ng'ambo ya mto, kwa Ayt Uzru, watu ambao tangu enzi za babu zetu hupenda kila tunachokipenda sisi. Mavuno ya jozi, zile kokwa za miti yetu, yakiisha ataleta waendeshaji wazijaribu zote mbili. Watakayoipenda ndiyo hiyo.

"Ikiwa yenu," akasema, "kiongozi wa njia ni Itto. Sitafuti mwingine."

Itto ni binti yangu, kitindamimba, ana miaka ishirini na miwili. Alikuwa akikanda mkate kwenye kona. Hakugeuka, lakini mikono ilisimama ndani ya unga.

Na ikiwa si yetu, binti ya dada yangu amemshikia nafasi Agadir, kwenye mabanda ya kufungashia nyanya. Kila mwaka mavuno yakiisha basi huja kuchukua wasichana. Wakienda huko tunawaona sikukuu kwa sikukuu, wakiwa na simu nzuri na kikohozi. Begi la Itto nimeshalishusha darini. Limekaa chini ya dirisha, na kila nikipita nalitupia shuka.

Septemba 10, Jumanne

Upepo. Mahindi yamelala chini. Moha, mume wangu, anasema yataamka. Hayajaamka.

Septemba 13, Ijumaa

Nimekutana na Fadma kwenye chemchemi. Fadma ni jirani yangu tangu tuolewe, na ulimi wake haujawahi kuota kutu.

"Lalla Tuda," akaanza kwa jina la heshima, wenzetu wote wakisikia, "jana nimeona kitu kinaporomoka kutoka Tizi. Nikasema, subhanallah, mbuzi wa nani huyu ameota magurudumu?"

"Mbuzi wangu huyo."

"Na suruali ile? Kwani nyumbu wamekwisha nchini?"

"Nyumbu wapo, Fadma. Mmoja yuko hapa chemchemini anauliza maswali."

Wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Njiani nilimwomba Mungu msamaha kwa maneno yangu, kisha nikakumbuka uso wa Fadma, nikacheka tena, nikaomba msamaha mara ya pili.

Lakini nikuambie ukweli, neno lake liliniingia. Ile baiskeli aliiacha Mfaransa mmoja, imevunjika. Itto na baba yake wakaifufua kwa koleo la kwato za nyumbu. Tangu hapo mwanangu hukaa juu ya chuma kile kama aliyezaliwa nacho, nami husimama mlangoni nikiwa na mambo mawili moyoni: hofu, na jingine ambalo sijalipatia jina.

Septemba 16, Maulidi

Tumesoma Maulidi mpaka adhuhuri. Baada ya chakula nilimtuma mke wa imamu anipelekee swali kwa mumewe: je, binti kupanda baiskeli mlimani ni makosa? Jibu likarudi na sahani ya tende:

"Wanawake wa Maswahaba walipanda ngamia jangwani. Avae stara, asikose Alasiri. Na Mtume ametufundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Mwambieni akague breki."

Nimemwambia Itto. Amesema breki hukagua kila asubuhi. Nimelala vizuri.

Septemba 21, Jumamosi

Radi tangu Alasiri. Maji yameshuka korongoni yakiwa mekundu, yakitembeza mawe makubwa kama ng'ombe. Yamebeba kipande cha njia yetu ya Tizi, pale palipo na mtini. Kuta ambazo babu zetu walizipanga bila saruji zimesimama pande zote mbili, lakini katikati pamebaki shimo.

Jioni wanaume walikwenda kwa Bassu, mkuu wa kijiji. Bassu ni mzee mrefu, mkavu, anayetoa maneno kama mtu anayelipishwa kodi. Moha anasema waliongea juu ya baiskeli, na Bassu alisema hivi tu: "Njia ile imepitisha bibi harusi na majeneza. Si uwanja wa kuchezea."

Nimemchukia Bassu usiku huu. Mungu anisamehe, nimeandika nilivyohisi.

Septemba 26, Alhamisi

Bassu amepiga mbiu: jozi ziangushwe. Kabla ya mbiu hakuna anayegusa tawi, hata kama mti ni wake na upepo unaangusha zenyewe. Kijiji kizima tumeshinda chini ya miti. Ganda la kijani limetutia weusi mikononi, na weusi huu hautoki mpaka theluji.

Septemba 30

Jozi.

Oktoba 2

Jozi. Mgongo.

Oktoba 4, Ijumaa

Jawad amempeleka Itto Marrakesh, yeye na viongozi wengine, wafundishwe kumhudumia mtu aliyeumia mlimani. Alipanda gari na mikono yake myeusi, nusu jozi, nusu mafuta ya mnyororo. "Wataniuliza kama nimetoka kuzimu," akasema. Nikamjibu: "Waambie umetoka Tamadut, watajua tofauti."

Nyumba imekuwa kubwa. Nimeonja jinsi Agadir itakavyokuwa.

Oktoba 9, Jumatano

Leo naandika nikiwa na furaha, ukurasa hauna budi kunivumilia.

Jana baada ya Magharibi Bassu aliita tiwizi, ule msaragambo wetu ambao kila nyumba hutoa mtu, na atakayekosa huwapikia waliofanya kazi. Nilidhani ni kuziba lile shimo la mtini, basi. Lakini alisimama mbele ya msikiti akasema: "Tumeambiwa wageni watakuja kuitazama njia yetu. Sikuutaka mchezo huu. Lakini mgeni akishasema anakuja, suala la kutaka au kutotaka limekwisha. Watapita kama bibi harusi."

Sasa, kwetu bibi harusi anapoletwa juu ya nyumbu, njia yake husafishwa kutoka Tizi mpaka mlangoni. Nyumbu wake asijikwae hata mara moja, maana akijikwaa, ndoa nayo itajikwaa. Mimi mwenyewe nililetwa hivyo. Nakumbuka chini ya shela nilisikia kwato tu, tapu tapu tapu, bila hata kokoto kuruka.

Basi leo tulikuwa mlimani wote. Wanaume waliziba shimo la mtini kwa ukuta mpya, Bassu mwenyewe akichagua mawe, akiyagonga kwa kidole kama anayenunua matikiti. Wanawake tuliondoa kila jiwe njiani. Yaliyochomoza tuliyang'oa kwa mtaimbo. Palipokuwa na vidato vya mwamba tulimwaga udongo, tukaukanyaga, tukaushindilia kwa magogo huku tukiimba. Fadma alibeba kuliko sisi sote. Nilimwambia, "Mbona unafanya kazi hivyo kwa ajili ya mbuzi wenye magurudumu?" Akajibu, "Sifanyi kwa ajili yao. Sitaki Ayt Uzru waseme njia ya Tamadut ina mawe."

Jioni njia ilikuwa laini kama kiganja. Jua likaipiga ikawa utepe mwekundu kutoka mbinguni hadi kwetu. Bassu aliitazama muda mrefu. "Njia," akasema. Kwa Bassu hiyo ni hotuba.

Ee Mola, mwanangu arudi aone.

Oktoba 12, Jumamosi

Amerudi, ameona.

Jawad alimshusha upande wa pili wa Tizi pamoja na baiskeli mpya ya kampuni, naye akaja kwa kuiendesha. Tulimsubiri penye jiwe la kuabiria, lile la kupandia nyumbu, karibu wanawake wote, na chai tayari. Akatokea. Hakuja kwa kuruka kama kawaida yake. Alikuja polepole, akasimama, akavua kofia ngumu.

"Mama, nani amefanya hivi?"

"Sisi sote!" nikasema. "Kijiji kizima!"

Akapiga magoti. Nikadhani anasujudu kwa shukrani. Kumbe anapapasa udongo.

"Mawe yako wapi?"

"Tumeyaondoa yote, binti yangu. Hutaliona hata moja."

"Mama, wanakuja kwa ajili ya mawe."

Fadma akasogea. "Nani anakuja kwa ajili ya mawe?"

"Wageni, shangazi. Kwao kumejaa lami. Wanapanda ndege, wanavuka bahari, watafute mahali penye mawe, vidato na mwamba, waruke juu yake. Ndio mchezo wenyewe. Njia yetu ilikuwa na mawe mazuri kuliko yote milimani. Jawad aliipenda kwa sababu hiyo."

"Mtu mwenye akili timamu," Fadma akasema taratibu, "anaiacha njia nzuri, anatafuta mbaya?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na wanalipa?"

"Wanalipa."

Fadma aliweka birika chini. "Lahaula," akasema. Wanawake wale walitazama mikono yao, malengelenge juu ya weusi wa jozi, wakarudi majumbani mmoja mmoja, na chai ikapoa.

Ndani ya nyumba Itto alilia akicheka, akacheka akilia. Hakutulaumu hata kwa neno moja. Alinishika mikono akaibusu, akasema, "Hakuna mtu amewahi kufanyiwa jambo kama hili, mama." Kisha akaliangalia begi chini ya dirisha. Lile shuka lilikuwa limeanguka.

Oktoba 13, Jumapili

Baada ya Alfajiri nilikwenda kwa Bassu, Moha nyuma yangu akivuta kofia ya kanzu yake. Nilimweleza mambo yalivyo. Nikamwomba: turudishe mawe.

"Haiwezekani," akasema.

"Ba Bassu, ni mwanangu huyu."

"Tuda, wewe ni mtoto wa milima hii. Ukikuta mawe yamewekwa katikati ya njia, umeambiwa nini?"

Kila mtu hapa anajua. Watu wakigombana huweka mawe njiani, na maana yake ni moja: usije.

"Nimewasafishia wageni njia kwa mikono yangu," Bassu akasema. "Niende leo niwawekee mawe? Nitakufa na aibu hiyo. Na baiskeli zikienda ng'ambo, basi ziende."

Nilirudi nikiwa nimejaa hasira, lakini hasira haikukaa. Njiani nilitazama mlima, nikaona mzee yule ana haki. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningependa awe na makosa.

Oktoba 14, Jumatatu

Nilikuwa nikipasua kuni, mlango ukagongwa. Bassu. Hajawahi kuja kwetu ila kwa msiba. Nikajiuliza nani amekufa.

Hakutaka chai. Alimwita Itto uani.

"Mawe yale," akasema, "tumeyarundika kando ya njia, upande wa mlimani."

"Ndiyo, Ba Bassu."

"Katikati ya njia hayarudi. Lakini sijasikia babu yeyote aliyekataza mawe kuwa kando."

Itto alimtazama. Kisha akaelewa, nami nikaelewa, na Moha akaelewa mwisho, akapiga paja. Njia mbili! Yetu ibaki safi kama ilivyo, na pembeni yake, juu kidogo, iteremke nyingine ya mawe na vidato, ya hao wanaopenda taabu.

"Nani atajua mawe yakae vipi?" Bassu akauliza. "Mimi najua kuyafanya yasimwangushe mtu. Kuyafanya yamwangushe sijui."

"Hayamwangushi anayejua," Itto akasema.

"Basi utatuelekeza."

Bassu akaenda. Mlangoni akageuka: "Mwambie Fadma alete mtaimbo wangu."

Oktoba 18, Ijumaa

Siku hizi sikuandika, vidole vilikataa kushika kalamu. Sasa natoa habari zote kwa pamoja.

Mwanangu amesimama mlimani akiwaamuru wazee. "Hilo kushoto, Ba Bassu. Lizike nusu. Hapana, lina uso mkali, ligeuze." Na Bassu analigeuza! Kila kipande kikiisha Itto hupanda juu, akashuka nacho akiruka, nasi tumeziba macho, kisha husema, "Bado, hapa lisogee." Bassu husogeza. Jana nilimsikia akimwambia Moha, "Binti yako anaona jiwe lilivyo kwa ndani." Moha amekuwa akilirudia neno hilo mpaka nyumbu amelijua.

Fadma ameipa njia mpya jina: Njia ya Wendawazimu. Jina limeshika. Hata imamu amelitumia.

Leo kuskus nyumbani kwa Bassu, kijiji chote. Nilikula vibaya kwa furaha.

Oktoba 25, Ijumaa

Wageni wako ng'ambo leo, kwa Ayt Uzru. Tunasikia ngoma zao. Wamewapigia wageni ngoma! Mvua nyembamba. Nimesoma Yasini.

Oktoba 26, Jumamosi

Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Naandika yote nisije nikaamka nikadhani nimeota.

Walitokea Tizi baada ya adhuhuri, Jawad, Itto, na Wajerumani sita, wanaume kwa wanawake. Sisi tulikuwa chini, penye ukuta wa mtini, pazuri pa kuonea. Jiwe lilikuwa na unyevu wa mvua ya jana. Itto alitangulia. Ewe msomaji, sijui niseme vipi. Alishuka Njia ya Wendawazimu kama maji yanayojua yanakokwenda. Mavazi yake ya stara, kilemba chini ya kofia ngumu, na uso umetulia kama wa mtu aliye kwenye sala. Fadma alinishika mkono, kucha zikaniingia. "Mwanetu huyo," akasema. Si "mwanao". Nimelisikia.

Wajerumani wakafuata wakipiga makelele kama watoto mtoni. Nyuma alikuwa Jawad. Jawad ni mtu mwema lakini anapenda kutazamwa. Alipoona wanawake wamejipanga, aliachia usukani mkono mmoja atupungie.

Jiwe halitaki salamu. Alipaa juu ya baiskeli, akaanguka kwa bega, tukasikia.

Nilimwona Itto akitupa baiskeli chini, akipanda mbio. Wengine walikuja kumsimamisha Jawad, Itto akawazuia kwa mkono. Alipiga magoti, akampapasa shingo na mgongo, akamuuliza hiki na kile kwa sauti ile ninayoitumia mimi nyumbu akiogopa. Mtulinga umevunjika. Akainua macho kutafuta kitambaa, na aliyekuwa amefika wa kwanza, akihema, akivua shali yake ya sufi, alikuwa Fadma. Itto akaufunga mkono kifuani kwa shali hiyo, vizuri, kama anayemfunga mtoto mgongoni.

"Jana tuliona mahali kama pale," Mjerumani mmoja, mwanamke wa makamo kama mimi, alisema, na Itto akatufasiria. "Ng'ambo. Nilikuwa najiuliza, mtu akivunjika huko atashushwaje? Kule hata nyumbu hushindwa. Hapa je?"

Itto alinyoosha mkono.

Moha alikuwa tayari amemleta nyumbu kwenye njia ile ya chini, njia safi. Wakampandisha Jawad, uso mweupe kama unga, Itto ameshika hatamu, Bassu anatembea kando amemshika kiuno asiegemee. Wakaanza kuteremka. Na sote tukazisikia kwato. Tapu, tapu, tapu. Hakuna kokoto lililoruka. Kutoka ukuta wa mtini mpaka jiwe la kuabiria nyumbu hakujikwaa hata mara moja, na Jawad hakutoa hata "ah".

Walipokaribia mlango wa kijiji, Fadma, bila shali, mvua imeanza tena, alishindwa kujizuia. Akapiga vigelegele.

"Bibi harusi wa Marrakesh huyo, amefika!"

Kijiji kikalipuka vigelegele. Jawad akacheka, akalia kwa maumivu ya kucheka, akasema, "Mahari yangu mtapatana na nani?"

"Na mimi," Bassu akasema. Wallahi, Bassu alifanya mzaha.

Kabla gari halijamchukua kwenda hospitali, Jawad alimwita Itto dirishani. "Mwenye kampuni nitamwambia hivi: nimepima njia yenu kwa mfupa wangu mwenyewe," akasema. "Ya kushukia nimeipenda. Ya kushushiwa nimeipenda zaidi."

Novemba 1, Ijumaa

Imepigwa simu kutoka Marrakesh. Ni yetu. Itto alisikiliza, akasema "ndiyo, bwana", "inshallah, bwana", akaweka simu, akaenda kukanda mkate. Unga ulikuwa ukiruka mpaka dari.

Novemba 4, Jumatatu

Basi la Agadir limepita. Wasichana watatu wa bondeni wamepanda, Mungu awalinde na awarudishe. Nimewapa mkate na jozi. Begi la Itto nalo nimelijaza jozi za kuuza sokoni. Linafaa sana kwa jozi, zipu yake imara.

Fadma alikuja kufuata shali yake. Alikaa. Alizungumza habari za hali ya hewa, za kuku, za hali ya hewa tena.

"Sema, Fadma."

"Yule mjukuu wangu wa kike, Tlaytmas. Miguu yake mirefu."

"Mirefu."

"Haifai kukaa bure, miguu ile."

"Na suruali?" nikauliza.

"Lalla Tuda," akasema, "mtu mzima hakumbushwi maneno ya chemchemini."

Novemba 10, Jumapili

Theluji ya kwanza. Mikono yangu imeanza kutakata.

Baada ya Alfajiri nilitoka kuwatazama mbuzi, nikainua macho kwenye Tizi. Mlima ulikuwa mweupe wote. Theluji imezifunika njia zetu mbili, ya bibi harusi na ya wendawazimu, huwezi kujua ipi ni ipi. Kama ukurasa ambao haujaandikwa.

Halafu nikauona, ukitokea juu kabisa, mstari mmoja mwembamba wa gurudumu. Umeteremka, umezunguka palipo na jiwe kubwa, umeruka kidogo, umekatika, umeendelea, umefika mpaka ukuta wa mtini, ukapinda kuja kwetu. Nami sasa najua kusoma. Nilisimama pale na ndoo yangu, nikausoma wote, kutoka juu hadi chini, na jina la mwandishi wake nikalitamka kwa sauti, mbuzi wakisikia.